Uuze hisa kabla daftari halijafungwa, au usubiri? Gawio lililotangazwa huenda kwa nani

Shemeji yangu anaishi Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Mwaka mmoja aliuza hisa zake siku mbili baada ya redio kutangaza kwamba kampuni itatoa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Karo ya muhula wa pili ilikuwa inamkaba, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: bei ya hisa mfukoni leo, gawio mfukoni mwezi wa saba. Siku ya malipo ikafika. Simu haikulia. Jioni akanipigia mimi Kisumu.

"Shemeji, wamenila."

"Nani kakula?"

"Hawa watu wa hisa. Walitangaza nikiwa bado ni zangu."

"Uliuza ng'ombe ana mimba, shemeji. Sasa unadai ndama?"

Hakucheka, na sikumlaumu. Wengi tunaamini kwamba gawio likishatajwa limekuwa la yule aliyekuwa na hisa siku lilipotajwa. Kwenye soko la hisa la Nairobi haliendi hivyo. Kwenye kampuni ya ndugu wanne yenye kinu cha mahindi Njoro, mara nyingi huenda karibu na hivyo. Kwenye sacco ni mambo mengine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua siku ya kuuza, jua kwanza unauza hisa ya aina gani.

Siku nne zinazochanganywa

Gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni lina siku nne. Kuna siku wakurugenzi wanapopendekeza, ambayo ndiyo redio huitangaza. Kuna siku ya mkutano mkuu wa mwaka, wanahisa wanapoidhinisha. Kuna siku ya kufunga daftari la wanahisa. Mwisho kuna siku ya malipo. Safaricom ni mfano ambao wengi tunaufahamu kwa kuwa kila kijiji kina mtu mwenye hisa zake tangu zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5 mwaka 2008. Mwaka wake wa hesabu huisha tarehe 31 Machi na matokeo hutoka Mei. Mwaka 2024 gawio la mwisho lilikuwa senti 65 kwa hisa, mkutano ukafanyika Julai, daftari likafungwa tarehe 31 Julai, na malipo yakapangwa mwisho wa Agosti. Kutoka tangazo hadi pesa ni zaidi ya miezi mitatu, na katika muda huo hisa inaweza kupita mikononi mwa watu kumi.

Siku inayoamua ni ya tatu. Kampuni hufungua daftari lake, inasoma majina, na aliyeandikwa humo ndiye anayelipwa. Haiulizi ulinunua lini wala ulilipa ngapi. Ukiuza siku moja baada ya daftari kufungwa, gawio ni lako hata kama siku ya malipo huna hisa hata moja. Ukiuza mapema mno, ni la mwenzio hata kama uliishika hisa hiyo miaka kumi.

Ile siku ya kwanza, ya tangazo, isikutie kiburi. Mwezi wa Mei 2020, corona ikiwa imepamba moto, Equity Group iliondoa pendekezo lake la gawio la shilingi 2.50 kwa hisa kabla wanahisa hawajaliidhinisha. Waliokuwa wamenunua kwa kuvizia zile mbili na nusu walibaki na hisa, basi. Pendekezo ni pendekezo. Wanahisa wakishaidhinisha ndipo linakuwa deni ambalo kampuni inadaiwa.

Jumanne na Jumatano

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Tuseme daftari linafungwa Ijumaa. Mauzo ya Nairobi hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya kuuza, hapo ndipo hisa huhama kutoka akaunti yako ya CDS, ile ya kielektroniki inayotunza hisa zako, na kuingia ya mnunuzi. Ukiuza Jumanne, hesabu Jumatano, Alhamisi, Ijumaa: mnunuzi ameingia daftarini kabla halijafungwa, gawio ni lake. Ukiuza Jumatano, hisa itahama Jumatatu. Ijumaa jina lako bado limo, gawio ni lako. Tofauti yote ni usiku mmoja. Sikukuu ikiangukia katikati, kama Idd au Madaraka, siku zinasogea, kwa hiyo usihesabu kwa vidole pekee. Muulize wakala wako wa hisa siku ya mwisho ya kuuza hisa pamoja na gawio ni ipi, na akujibu kwa maandishi. Kwenye orodha za bei utaona pia herufi CD kando ya jina la kampuni, maana yake anayenunua ananunua pamoja na gawio. Zikigeuka XD, gawio limebaki kwa muuzaji.

Lakini soko si mjinga. Jumatano asubuhi mnunuzi anajua hapati gawio, na kwa kawaida bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Chukua hisa 5,000, bei shilingi 40, gawio shilingi 2. Gharama za uwakala na ada za soko nimeziweka asilimia 2 kurahisisha hesabu.

| | Kuuza Jumanne, pamoja na gawio | Kuuza Jumatano, bila gawio |
|---|---|---|
| Bei ya hisa | 40 | 38 |
| Mauzo | 200,000 | 190,000 |
| Gharama, asilimia 2 | 4,000 | 3,800 |
| Gawio baada ya kodi ya asilimia 5 | 0 | 9,500 |
| Jumla mkononi | 196,000 | 195,700 |
| Pesa zinafika lini | zote wiki hiyo au inayofuata | 9,500 zinasubiri siku ya malipo |

Shilingi 300! Ndiyo maana nilimwambia shemeji kwamba hakuibiwa kitu. Gawio lake alilipwa ndani ya bei, ila hakuliona kwa sababu halikuja na jina lake. Laiti angengoja, angeuza kwa bei ya chini na karo ingecheleweshwa mpaka mwezi wa saba.

Kinachoinamisha mizani ni kodi. Gawio hukatwa asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya kabla halijakufikia, na hiyo ndiyo kodi ya mwisho, huna haja ya kuijumlisha tena kwenye ritani. Faida ya kupanda kwa bei ya hisa zilizoorodheshwa haitozwi kodi ya faida ya mtaji. Kwa hiyo shilingi 2 zikija ndani ya bei zinafika kamili, zikija kama gawio zinafika shilingi 1.90. Kwa mtu asiye mkazi pengo ni kubwa zaidi, kwa kuwa anakatwa asilimia 15. Binamu yangu aliye ughaibuni, kwa hisa hizohizo 5,000, angepata 194,700 akiuza Jumatano, pungufu ya Jumanne kwa 1,300. Yeye sina la kumshauri zaidi ya auze mapema.

Hayo ni ya karatasini. Sokoni bei haifuati kikokotoo. Kwa kampuni ambazo hisa zake zinauzwa kila siku kwa wingi, mshuko huwa unaonekana, ijapokuwa habari nyingine za siku hiyo zinaweza kuufunika. Kwa kampuni ndogo ambazo siku nzima inapita bila mnunuzi, mimi ningeuza kabla. Wiki mbili kabla ya daftari kufungwa ndipo wanunuzi hujitokeza, maana gawio linawavuta. Likishapita, unaweza kukaa na oda yako mezani kama omena wa jana pale soko la Kibuye, kila mtu anapita akinusa na kwenda zake.

Anayepaswa kusubiri ni nani, basi? Ni yule ambaye hana haraka na anaamini bei itarudi ilipokuwa ndani ya miezi michache, kama ambavyo hutokea kwa kampuni yenye faida thabiti. Huyo achukue gawio lake, angoje bei ipande, auze baadaye. Asiye na imani hiyo auze Jumanne na asitazame nyuma. Kuuza Jumatano kwa ajili ya gawio tu, na huku unahitaji pesa zote sasa, ndilo chaguo ambalo sioni faida yake.

Jambo moja la kuongeza kuhusu sokoni: hapo hakuna cha kupatana na mnunuzi. Humjui, hakujui, na huwezi kumpigia umwambie "tugawane". Tarehe imekata shauri.

Na kama hisa zenyewe ni za kampuni ambayo gawio lake limebaki hadithi, mjadala huu haukuhusu. Kakamega na Bungoma kuna watu wengi wenye hisa za Mumias Sugar, iliyoingia sokoni 2001 na kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeletwa na wadai, 2019.

Kampuni ya nyumbani: hapa mkataba ndio mwamuzi

Mimi hufunga hesabu za kampuni ndogondogo hapa Kisumu, na ugomvi niliouona mwingi hauko sokoni Nairobi. Uko kwenye kampuni za watu wanaojuana: duka la vifaa vya ujenzi, gesti, magari mawili ya kusafirisha mchanga. Hapa hakuna siku tatu wala herufi za XD. Kuna mkataba wa mauziano, kuna fomu ya kuhamisha hisa, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, kisha jina jipya linaandikwa daftarini. Kati ya kutia sahihi na jina kubadilika inaweza kupita miezi, na ndani ya miezi hiyo mkutano mkuu unaweza kukaa.

Nililetewa moja ya namna hiyo. Mzee aliuza hisa zake 300 kwa mwalimu mstaafu. Mkataba ulitiwa sahihi mwanzoni mwa Machi. Aprili mkutano ukatangaza gawio la shilingi 400 kwa hisa. Jina la mwalimu likaingia daftarini Juni. Kampuni ikamlipa mzee, shilingi 114,000 baada ya kodi, na mzee akanunua mabati. Mwalimu alipojua alikuja ofisini kwangu na mkataba umekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya khaki. Nikausoma mara mbili nikitafuta neno gawio. Halimo.

"Mzee wangu," mwalimu alimwambia tulipokaa wote watatu, "mimi nililipa Machi."

"Mwalimu, faida ile ni jasho la mwaka jana. Mwaka jana ulikuwa wapi?"

Kila mmoja alikuwa na neno. Ila lazima kutenganisha maswali mawili. La kwanza, kampuni ilipaswa kumlipa nani? Mzee, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa daftarini gawio lilipotangazwa. Kampuni haikukosea. La pili, kati ya mzee na mwalimu, pesa ni za nani? Mkataba ukinyamaza, kanuni tuliyoirithi kutoka sheria ya Uingereza inafuata tarehe ya mkataba: gawio lililotangazwa kabla ya mkataba ni la muuzaji, hata kama halijalipwa, lililotangazwa baada yake ni la mnunuzi, hata kama jina lake halijaandikwa. Mahakama za huko zilishaamua hivyo mwaka 1878, katika kesi ya Black na Homersham, juu ya hisa zilizouzwa mnadani. Kuwa faida ni ya mwaka jana hakubadilishi kitu. Mnunuzi alinunua hisa na vilivyomo.

Mzee hakufurahi, na tayari mabati yalikuwa juu ya nyumba. Walikubaliana amrudishie nusu kwa awamu, na hapo sikuingilia, kwa maana watu wa kijiji kimoja wana njia zao. Cheti cha kodi kilibaki kwa jina la mzee.

Sentensi mbili zingezuia yote hayo. Siku hizi naziweka katika kila mkataba unaopita mezani kwangu kabla haujaenda kwa wakili:

"Gawio lolote lililotangazwa kabla ya tarehe ya mkataba huu, liwe limelipwa au halijalipwa, ni la Muuzaji. Gawio litakalotangazwa siku hiyo au baadaye ni la Mnunuzi, na Muuzaji akilipwa atamkabidhi Mnunuzi ndani ya siku saba."

Mnaweza kuligeuza mkitaka. Mkisema gawio la mwaka uliopita ni la muuzaji hata likitangazwa baada ya mkataba, ni sawa, mradi liandikwe na bei ipangwe ikijua hivyo. Muuzaji aliyeifanyia kampuni kazi mwaka mzima ana sababu nzuri ya kulidai. Mnunuzi naye akubali tu kama bei imeshuka kwa kiasi hicho.

Kuna mtego kwa muuzaji anayetegemea gawio la muda, lile ambalo wakurugenzi hulitoa katikati ya mwaka bila mkutano mkuu. Hilo wanaweza kulifuta mpaka saa ile linapolipwa. La mwisho, lililoidhinishwa na wanahisa, ni deni. Ukishauza hisa bado unaidai kampuni kama mdai mwingine yeyote. La muda ni ahadi. Usipunguze bei ya hisa zako kwa sababu ya ahadi.

Hapa kodi inageuka

Nilisema kwenye soko la Nairobi ni nafuu gawio liende ndani ya bei. Kwenye kampuni isiyoorodheshwa ni kinyume chake, na wengi hulipa zaidi kwa kutolijua hilo. Faida ya kuuza hisa hizi hutozwa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023. Gawio bado ni asilimia 5.

Tuseme ulinunua hisa zako kwa 500,000. Leo zina thamani ya 1,200,000, na ndani yake kuna 200,000 ambazo ni sehemu yako ya faida iliyolala benki, iliyokwisha kulipiwa kodi ya kampuni. Ukiuza na faida ndani, umepata ziada ya 700,000, kodi 105,000, unabaki na 1,095,000. Mkutano ukitangaza gawio kwanza na kulilipa, unapata 190,000 baada ya kodi. Kisha unauza kwa 1,000,000, ziada 500,000, kodi 75,000, unabaki na 925,000. Jumla 1,115,000. Umeokoa 20,000, na mnunuzi naye analipa stempu juu ya milioni moja badala ya milioni moja na laki mbili. Mara chache muuzaji na mnunuzi hufurahia kitu kimoja, na hapa wanafurahia.

Masharti ni kwamba faida iwepo kweli. Sheria ya Kampuni ya 2015 hairuhusu gawio litoke kwenye mtaji, na wanahisa wengine nao watalipwa la kwao, kwa kuwa huwezi kujitangazia gawio peke yako. Kama kampuni haina pesa taslimu, au wenzako hawataki kugawa, uza na faida ndani na ukubali kodi.

Sacco, kwa ufupi

Mtu akisema "nauza hisa zangu za sacco" muulize anamaanisha nini. Amana zake hazinunuliwi na mtu. Akijitoa hurudishiwa baada ya notisi, ambayo mara nyingi ni siku 60. Hisa za mtaji ndizo hazirudishwi, huuzwa kwa mwanachama mwingine. Hesabu za sacco hufungwa Desemba, na mkutano wa kuidhinisha gawio hufanyika miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Anayehamisha hisa za mtaji Januari au Februari yuko katikati ya daraja: mwaka umeisha, gawio halijaidhinishwa. Jibu liko kwenye sheria ndogo za sacco yako, si kwenye soko wala kwenye kampuni. Kama unaweza kusubiri mkutano upite, subiri. Huku hakuna bei inayoshuka kesho yake, kwa hiyo kungoja hakukugharimu chochote ila muda.

Magawio ya zamani

Hili shemeji alilifurahia. Tulipokuwa tukipekua karatasi zake tulikuta hundi mbili za gawio za kampuni ambayo hisa zake aliziuza zamani. Hakuzipeleka benki, moja ilikuwa ndani ya Biblia. Aliziona takataka kwa kuwa "hisa si zangu tena". Lakini jina lake lilikuwa daftarini siku zile mbili, na gawio la siku zile ni lake mpaka leo. Aliyenunua hisa hana haki nalo. Gawio lisilochukuliwa kwa miaka 3 kampuni hutakiwa kulipeleka kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoundwa chini ya sheria ya 2011, na mwenyewe au warithi wake wanaweza kulidai huko kwa kitambulisho na ushahidi wa hisa.

Alijaza fomu tukiwa kwenye kochi lake Bahati, dada yangu akituletea chai. Hisa chache alizobaki nazo ameniahidi hataziuza bila kunipigia kwanza. Wiki iliyopita alinipigia saa kumi na mbili asubuhi: daftari linafungwa Ijumaa, na leo ni Jumanne, auze au asiuze? Nikamuuliza karo imelipwa. Imelipwa. "Basi rudi ulale, shemeji."